Nazi Nne kwa Siku: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja ya Tanga na Kitabu cha Mtoto

Karatasi niliyomwachia mama ya kutia alama kila siku ya kusoma ilikuwa imejaa alama za vema, kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha 30. Siku 30, dakika 20 kila siku, saa mbili usiku, mama na mtoto wamekaa na kitabu. Nilifurahi sana. Nikaomba nivione vile vitabu vitatu nilivyowaachia, nimuulize mtoto amekipenda kipi. Mama akapanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono hadi juu ya kabati, akashusha furushi la kanga kuukuu. Vitabu vilikuwa ndani yake, vipya vilevile, hata harufu ya wino haijatoka.

"Nimevitunza, Mwalimu," akaniambia, na alikuwa anasema kweli.

Hiyo ilikuwa ziara yangu ya tano katika nyumba ile, Julai 2023. Sisi ni kikundi kidogo cha walimu na wazazi tunaotembelea familia zenye watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza, tuone namna ya kuwajengea mazoea ya kitabu nyumbani. Nimetembelea nyumba nyingi, ila hii ndiyo iliyonibadilisha kazi. Majina nimeyaacha yote na mambo mawili matatu nimeyageuza ili familia isitambulike.

Nyumba iko Ngamiani, upande ule wa mji wa Tanga ambao mitaa yake huitwa kwa namba. Wamepanga vyumba viwili, uwa ni wa wapangaji wote. Mama ana miaka 30 hivi, alisoma hadi darasa la saba. Baba ni mvuvi wa dagaa. Binti mkubwa ana miaka 11, yuko darasa la tano. Binti mdogo, ambaye ndiye hasa niliyemfuata, alikuwa na miaka minne na nusu. Asubuhi anakwenda darasa la awali, na saa kumi alasiri anakwenda chuoni kusoma Kurani. Kuna mtoto wa kiume wa miezi sita mgongoni. Na kuna bibi, mama yake baba, Mdigo, mwenye sauti ya chini ambayo nyumba nzima huitii.

Mama anauza chakula. Ikifika magharibi anatoa meza barazani: chapati, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga. Anafunga saa nne usiku, siku nyingine saa tano. Sasa rudi kwenye karatasi yangu uisome tena: saa mbili usiku. Nilimtaka mwanamke huyu amketishe mtoto na kitabu saa ileile ambayo wateja wamejipanga mbele ya meza yake na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Hakuniambia kwamba haiwezekani. Mgeni amekuja na vitabu, amekaa kwenye mkeka wako, amekunywa chai yako. Utamwambiaje kwamba alichokileta hakifai? Aliweka vema kwa heshima. Nilipolielewa hilo sikumlaumu hata kidogo. Nilijilaumu mimi niliyetunga kipimo ambacho mtu muungwana hawezi kukijibu kwa ukweli.

Saa ilikuwa sehemu tu ya tatizo. Lile furushi la kanga lilinionyesha jambo la pili. Katika nyumba ambayo kitabu hakijawahi kununuliwa, isipokuwa daftari na kiada cha shule, kitabu chenye picha za rangi ni mali, na mali haipewi mtoto wa miaka minne mwenye mikono ya maharage. Mama alikuwa anangoja binti akue ndipo akikabidhiwe. Mtoto alikuwa anajua kwamba vipo. Siku nilipomuuliza vitabu viko wapi, alinionyesha juu kwa kidole, kama anayeonyesha mwezi.

Jambo la tatu lilichukua muda kutoka, na lilitoka siku bibi hayupo. "Mwalimu," mama alisema, "mimi nasoma kwa kukwamakwama. Neno refu linanishinda. Mtoto akinisikia hivyo si atanidharau?" Kwake yeye, kumsomea mtoto maana yake ni kusoma mfululizo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nani alimwambia hivyo? Ni sisi. Kila tulipofika tulishika kitabu sisi wenyewe, tukasoma kwa sauti nzuri, tukamkabidhi, tukaondoka.

Mara ya sita nilikwenda bila karatasi, saa nane na nusu mchana, nikaomba kukaa tu.

"Leo huna kazi, Mwalimu?" bibi akauliza baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Kazi yangu leo ni kukaa, bibi."

Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kwa siku anakuna nazi nne, na kwa kuwa anasimama kugeuza maharage na kumnyonyesha mtoto, kazi hiyo humchukua nusu saa au zaidi kidogo. Binti alikuwa amechuchumaa pembeni ya sinia anadokoa, na kinywa chake hakikupumzika. Kwa nini nazi ina macho? Mama akamjibu bila kuinua kichwa: hayo ni matundu, mche unatokea hapo. Kwa nini ni matatu? Mche mmoja unatokea kwenye moja. Na yale mengine mawili ni ya nini? Mama akacheka. "Hayo kamuulize baba."

Nilikaa pale nikasikiliza mpaka nazi ya nne ikaisha. Nilichokuwa nikikitafuta nyumba ile kwa mwezi mzima kilikuwapo kila siku, saa hiyohiyo, kabla mtoto hajaenda chuoni: mama ameketi mahali pamoja, mtoto yuko karibu yake kwa hiari, maneno yanakwenda na kurudi. Kilichokosekana ni kitabu. Na kitabu hakikuwa na mtu wa kukishika, kwa sababu mikono ya mama ilikuwa kwenye nazi.

Basi siku iliyofuata nilimpa mtoto akishike.

Sikuleta kile cha kabatini. Katika mtandao wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, kuna hadithi nyingi za Kiswahili ambazo mtu anaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bure. Nilichapa mbili steshenari, nyeusi na nyeupe, nikazibana kwa pini. Kitabu cha namna hiyo kikiingia tui hakuna anayelia. Nikamwambia binti, mwonyeshe mama, mama hana mikono leo. Akafungua. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mbuzi.

"Nani huyo?" mama akauliza, huku anakuna.

"Mbuzi." Akanyamaza kidogo, akamtazama mama yake pale alipoketi. "Mama, na wewe umemkalia mbuzi!"

Bibi, aliyekuwa anachambua mchele, aliangua kicheko mpaka akaweka ungo chini. Na mama, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa ananijibu "ndiyo Mwalimu, sawa Mwalimu", akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe. Mbuzi huyo anakula nini? Amefungwa au amefunguliwa? Mwenyewe yuko wapi? Mtoto akajibu, akafunua ukurasa, akabuni, akarudi nyuma kuangalia kama kweli amefungwa. Maandishi yaliyokuwa chini ya picha hayakusomwa na mtu yeyote siku ile. Niliondoka na moyo mwepesi kuliko siku nyingine yoyote katika kazi hii.

Wenzangu kikundini hawakukubaliana nami mara moja. Mmoja aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki: kama hakuna aliyesoma neno, tutasemaje kwamba wamesoma? Nilimjibu kwa namna mbili. Kwanza, Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, silabi nyingi ni konsonanti na irabu, na mtoto akifundishwa vizuri hufika mahali pa kupiga silabi bila shida kubwa. Wapo watoto wa darasa la tatu wanaosoma aya nzima kwa sauti bila kukosea, ukiwauliza imesema nini, wanakutazama. Hao hawakukosa ba be bi bo bu. Walikosa maneno, walikosa kuulizwa "kwa nini", walikosa kuzoea kwamba kilichoandikwa kinasema jambo. Hayo hujengwa kabla ya herufi, na hujengwa kwa mazungumzo.

Jibu la pili lilitoka nchi jirani. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Kenya kwa walezi 357 na watoto wao 510, wa kuanzia miaka miwili hadi sita. Kaya nyingine zilipewa vitabu vya hadithi peke yake. Nyingine zilipewa vitabu pamoja na mafunzo ya namna ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Mafunzo yalipoongezwa, walezi walikaa na vitabu mara nyingi zaidi na kwa namna bora zaidi, na watoto waliongeza maneno yaliyomo katika hadithi zile. Lililonigusa mimi ni hili: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na watoto wa wanaojua, na katika baadhi ya vipimo walifaidika zaidi. Nilimsimulia mama jambo hili siku moja tukiwa uwani. Hakusema kitu. Alikuna nazi mbili kimya, kisha akasema, "Kumbe."

Mafunzo niliyompa yalikuwa machache mno, na nadhani ndiyo maana yalishika. Uliza "nini kile", uliza "kwa nini", uliza "halafu itakuwaje". Akikosea usimkatize, irudie sentensi yake vizuri. Na ukishauliza, ngoja. Kungoja ndiko kuliko kugumu kuliko yote, kwa wazazi na kwa sisi walimu pia. Tunauliza na kujibu wenyewe kwa pumzi moja. Hapo mbuzi ilitusaidia. Tulikubaliana kwamba akiuliza swali, akune mara kumi ndipo aseme neno jingine. Ule mkwaruzo wa nazi ulimpa mtoto nafasi ya kufikiri bila kuhisi kwamba anatazamwa. Mara nyingi jibu lilitoka kwenye mkuno wa saba au wa nane, na lilikuwa jibu refu.

Sasa dada mkubwa. Tulikuwa tumemsahau kabisa. Mwezi wa kwanza nilimwona ni msaidizi tu wa kubeba mtoto ili mama apate nafasi. Siku moja nikamsikia anazungumza na shoga yake uwani kwa kinyume, ile lugha ya watoto wa pwani ambayo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Samaki anakuwa kisama. Pweza anakuwa zapwe. Kitabu kinakuwa bukita. Wanaisema kwa kasi, na watu wazima wengi hawaambulii kitu. Binti mdogo alikuwa amesimama kando analia kwa kutokuelewa.

Nilimwomba dada amfundishe mdogo wake. Alisita, kwa maana siri ya wakubwa haitolewi hivi hivi, lakini akakubali kwa sharti kwamba asiwaambie watoto wengine. Kilichofuata kingenigharimu kadi na michoro mingi kukifanya darasani. Ili ugeuze neno huna budi kulikata, na ili ulikate lazima usikie mahali silabi inapokwisha. Mtoto wa miaka minne na nusu ambaye hakujua herufi hata moja ya Kilatini akawa anasimama mlangoni anajinong'oneza: mbu-zi, zimbu. Chi-cha, chachi. Ba-bu, buba! Hiyo ya babu ilimchekesha siku tatu.

Siku ya nne alimjia mama yake na malalamiko. "Baba hageuki."

"Hageuki vipi?"

"Nikimgeuza anabaki baba."

Akajaribu mama, akabaki mama. Dada, dada. Bibi, bibi. Alikaa chini anafikiri, mkono kwenye chicha. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua kisima: "Kwa sababu wako wawili sawasawa." Ba na ba. Hakuna aliyemwambia hayo. Naandika haya nikijua kwamba kuna vitabu vizima vya ualimu kuhusu ufahamu wa sauti kwa watoto, na vingi ni vizuri. Lakini nyenzo hii iko kwenye uwa wetu, bure, watoto wetu wameichezea vizazi na vizazi, na mimi nilikuwa nawaambia wanyamaze wasome.

Kwa baba hadithi ni nyingine. Uvuvi wa dagaa kwa taa huenda na giza. Mwezi ukiwa mchanga au haupo, wanaume wako baharini usiku na mchana wanalala. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu majini, vyombo vinapumzika na wanaume wako nyumbani siku kadhaa. Kalenda yangu ilikuwa ya Jumatatu hadi Ijumaa. Yake ni ya mwezi. Nilipoacha kumtafuta kila wiki na kuanza kumtafuta kila mbalamwezi, nilimkuta barazani, miguu imenyooshwa, anashona nyavu. Mikono ina kazi, kinywa hakina, kama mkewe.

Baba hakutaka kitabu cha mbuzi. "Mimi mbuzi siwajui," alisema. Alitaka samaki. Tukachukua daftari dogo, tukampa kila samaki ukurasa wake: baba anataja, binti anachora, dada anaandika chini yake kwa herufi kubwa. HUYU NI PWEZA. HUYU NI CHANGU. HUYU NI KOLEKOLE. Sentensi ileile, neno la mwisho tu linabadilika, na mtoto akishaizoea anaweza kuisoma kurasa zote kwa kutazama picha, kidole kikipita chini ya maneno. Lakini baba ni mtu wa haki katika mambo ya bahari. Binti alipochora samaki wa mviringo akamwita changu, baba aliweka nyavu chini. "Huyu si changu, huyu ni tasi. Tazama mdomo." Wakabishana. Mwishowe dada akaandika ukurasa mpya kabisa: HUYU SI CHANGU, HUYU NI TASI. Ni ukurasa ambao mtoto huyu aliusoma mara nyingi kuliko yote, kwa sauti ya baba yake.

Walipotafuta karatasi ngumu ya jalada, walitumia ile yangu yenye visanduku 30. Imegeuzwa, upande wa nje kuna pweza mkubwa wa bluu, upande wa ndani vema vyote viko palepale.

Bibi nilimkosea zaidi, kwa sababu aliniambia siku ya kwanza kwamba hajui kusoma, nami nikaandika hivyo kwenye daftari langu, nikamaliza. Ilikuwa Oktoba, mama ameanika kanga uwani. Binti alikuwa ameshaanza kutambua herufi, M hasa, ya mama. Akawa anapita kwenye kamba anazitafuta. Kwenye kanga moja kuliandikwa WEMA HAUOZI. "Hapa kuna ma!" akapiga kelele. Bibi alikuwa ameketi kizingitini. Akainuka taratibu, akaishika kanga, akaisogeza mbali na macho kama afanyavyo mtu mwenye macho ya uzeeni, kidole chake kikapita: we-ma, ha-u-o-zi. Mama alimtazama mkwewe kana kwamba hajawahi kumwona.

Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima akiwa msichana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata madarasa yalifunguliwa nchi nzima, chini ya miembe, kwenye baraza, kwenye ghala za ushirika. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya watu wazima 100, takribani 67 hawajui kusoma wala kuandika. Ilipofanywa mitihani ya taifa ya kisomo mwaka 1975, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 39 hivi. Bibi alikuwa mmoja wa walioishusha. Alikumbuka wakikusanyika kuizunguka redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, na kijitabu mkononi. Baadaye akaolewa, akazaa, kijitabu kikapotea, na kwa miaka mingi hakuwa na kitu cha kusoma isipokuwa kanga. Kwa nini alisema hajui? "Kusoma kwa siku hizi ni kwa haraka," alinijibu. "Mimi nasoma polepole."

Mtoto wa miaka minne ndiye mtu anayefaa zaidi kusomewa polepole. Tangu siku hiyo kanga ni za bibi na binti. Kabla ya kulala, saa ileile niliyoitaka mimi kwa mama, bibi hulala na mjukuu kitanda kimoja, na badala ya kitabu hufunua kanga ya kujifunika wakaisoma jina. Likiisha jina anaanza hadithi: "Paukwa!" na mtoto "Pakawa!" Nyingine anazisimulia kwa Kidigo. Mama aliniuliza kama amkataze, mtoto asije akachanganyikiwa shuleni. Nilimwomba asimkataze hata mara moja. Hadithi yenye mwanzo, mkasa na mwisho ni hadithi kwa lugha yoyote, na mtoto anayejua hadithi inavyokwenda ataifuata kwa urahisi atakapoikuta kwenye karatasi.

Msiishie hapa mkadhani kwamba mambo yalinyooka. Novemba yule mdogo wa kiume aliota meno, akatafuna jalada la moja ya vitabu vya rangi, na vyote vitatu vikarudi juu ya kabati kwa wiki mbili. Kuna siku nazi zilinunuliwa zimeshakunwa sokoni kwa sababu mama alikuwa na homa, na siku hizo kitabu hakikufunguliwa. Niliona wazi: pasipo na mbuzi hapana kitabu. Hilo lilinitia wasiwasi mwanzoni, halafu likanipa imani. Mazoea yalikuwa yameshikamana na ile kazi kiasi kwamba kazi ikija yanakuja bila kuitwa.

Ramadhani ya 2024, iliyoanza Machi, ndiyo iliyonithibitishia. Nilidhani kila kitu kitavunjika. Meza ya jioni iligeuka kuwa ya futari, nazi zikaongezeka hadi saba, na ratiba ya nyumba ikapinduka. Lakini nilipofika wiki ya pili nilimkuta mama juu ya mbuzi saa saba mchana, amefunga, midomo imekauka, na binti katoka shule hata sare hajavua, ameketi pembeni na daftari la samaki anamwuliza mama yake maswali. Ndiyo, yeye ndiye aliyekuwa anauliza. "Nani huyu? Kwa nini ana mikono minane? Halafu itakuwaje?" Na baada ya kila swali anangoja, kwa subira kubwa, anahesabu mikuno.

Shaka ya mama haikuisha, na naiheshimu. "Lakini Mwalimu, atasoma lini?" aliniuliza zaidi ya mara moja. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili limejengwa juu ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mzazi anajua kwamba mwanawe atapimwa kwa hayo. Jirani ana mtoto wa umri huohuo anayeimba a e i o u mpaka mwisho na kunakili mistari mitano ya ba. Huyu wetu anachora samaki. Sikuwa na haki ya kumwambia mama apuuze. Nilichofanya ni kumwonyesha kilichokwisha kuingia: mtoto anajua kitabu kinaanzia wapi, anajua macho yanakwenda kushoto kulia kwenye daftari la samaki na kulia kushoto kwenye juzuu yake ya chuoni, na habahatishi. Anakata neno kwa silabi. Anasimulia kisa cha kurasa 12 kwa mpangilio. Anatambua herufi 11, na zote anajua alizitoa wapi. Mama alisikiliza. Sidhani kama aliridhika sana siku ile.

Kilichomridhisha kilitokea mwishoni mwa Mei, nami nilikikuta kimekwisha.

Mama ana daftari la madeni. Mteja akikosa chenji au akiomba mpaka kesho, mama huandika jina na kuweka vijiti, kijiti kimoja chapati moja. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Asubuhi moja alilifungua akakuta limechafuliwa kwa kalamu ya bluu, akapandwa na hasira, akamwita binti kwa jina lake lote. Kisha akatazama vizuri. Chini ya majina ya wateja kulikuwa na herufi nne kubwa, moja imegeukia upande wa pili: BABA. Mbele yake, vijiti viwili.

"Amekula chapati mbili juzi," binti alimweleza mama yake, "na hakutoa pesa."

Mama hakuufuta mstari ule. Mbalamwezi ilipoingia na baba akarudi nyumbani, alionyeshwa daftari. Aliulizwa kama anajua kusoma. Akasema anajua. Akaambiwa asome. Akasoma jina lake, akahesabu vijiti, akaingiza mkono mfukoni akalipa.